Jogoo wa Shamba Aliyewika Moscow

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, yaliyofanyika katika ukumbi wa shule ya sekondari

Tunajua wengine wenu mmeacha mahindi yameanikwa nje, na mawingu ndiyo hayo mnayaona. Hatutawakawisha sana.

Mlipokuwa mkiingia mliwaona wasichana wa shule huko uwanjani wakikimbia na vijiti vilivyopinda mwisho. Mzee wetu mmoja ametuuliza, "Hawa wasichana wanachunga nini?" Tumecheka, lakini ni swali zuri. Hawachungi kitu. Wanacheza hoki, au mpira wa magongo, wanajitayarisha kwa mashindano ya shule za sekondari. Timu moja ina watu 11 uwanjani. Mpira wenyewe ni mdogo na mgumu kama jiwe, na mchezaji haruhusiwi kuupiga kwa mguu isipokuwa yule kipa. Wengine wote ni gongo tu.

Basi tulipowaona tukakumbuka habari moja ya kweli ya mchezo huo huo. Tukaonelea tuiweke kando hotuba tuliyokuwa tumeiandika, tuwasimulie hii, maana inagusa hasa jambo lililotuleta hapa leo.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna nafasi moja imebaki katika mafunzo ya kufuga mbuzi wa maziwa. Kikundi kilichokuwa kimechaguliwa kwanza kimejitoa. Mafunzo yanaanza Jumatatu ijayo, na leo ni Jumatano. Asubuhi tuliwadokezea viongozi wachache, na jibu tulilopata likawa moja: "Mbona mnatuita sisi baada ya wengine kukataa? Kwani sisi ni watu wa kula makombo?" Mama mwingine akaongeza, "Hata hatujajitayarisha." Haya ni maneno mazito na hatuyadharau. Tuyaweke hapa mezani, halafu tutayarudia.

Sasa turudi nyuma mpaka mwaka wa 1980. Michezo ya Olimpiki ilikuwa ifanyike Moscow, mji mkuu wa Umoja wa Sovieti, ile nchi ambayo wengi wetu tulizoea kuiita Urusi tu. Lakini Desemba 1979 majeshi ya Sovieti yalikuwa yameingia Afghanistan. Marekani ikatangaza kwamba haitakwenda Moscow, na nchi nyingi zikaifuata. Kenya yetu ilikuwa mojawapo ya hizo zilizosusia. Jirani zetu Tanzania walikwenda, na wakimbiaji wao Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi nyumbani kila mmoja na nishani ya fedha.

Mwaka huo ndio hoki ya wanawake iliingizwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza. Timu sita zilitakiwa. Lakini zile timu kubwa zilizotazamiwa, Uholanzi, Ujerumani Magharibi, Marekani na wenzao, hazikuja. Ikawa kama arusi ambayo chakula kimeiva, viti vimepangwa, na wageni wa heshima hawaonekani barabarani. Mnajua mwenye arusi hufanya nini hapo. Anatuma watoto wakaite majirani.

Mwaliko mmoja ukafika Zimbabwe. Kumbukeni Zimbabwe ilikuwa imepata uhuru tarehe 18 Aprili mwaka huo huo wa 1980, yaani taifa lilikuwa na umri wa miezi mitatu tu wakati michezo inaanza. Kabla ya hapo nchi hiyo iliitwa Rhodesia, na kwa sababu ya utawala wake wa ubaguzi ilikuwa imefungiwa nje ya Olimpiki. Mwaka wa 1972 wanamichezo wake walikuwa wamekwisha fika Munich, wakaondolewa siku chache kabla ya michezo kufunguliwa. Sasa bendera ni mpya, serikali ni mpya, na mara barua inakuja: leteni timu ya hoki ya wanawake.

Barua ilikuja majuma machache tu kabla ya michezo. Timu ikachaguliwa mbio mbio, wachezaji 16, nahodha wao akiwa Ann Grant. Hawakuwa watu wa kulipwa kwa kucheza. Walikuwa na kazi zao na nyumba zao. Wawili kati yao, Sandra Chick na Sonia Robertson, walikuwa mapacha. Hebu fikirini wangekaa chini wakajadiliana kama sisi: "Mbona tunaitwa baada ya wakubwa kukataa? Mbona siku ni chache?" Maneno yote hayo yangekuwa ya kweli. Lakini walipanga mizigo wakaenda.

Walipofika Moscow wakakuta jambo lingine. Uwanja haukuwa wa nyasi. Ulikuwa wa nyasi bandia, kama zulia kubwa la kijani lililotandikwa pote. Hawakuwa wamewahi kucheza juu ya kitu cha namna hiyo. Ninyi mnajua uwanja wetu ulivyo. Mpira ukipigwa unagonga kichuguu, unaruka, unapunguza mwendo, na unapata nafasi ya kuufikia. Juu ya zulia lile mpira huenda moja kwa moja kama maji juu ya bati. Kwa hiyo watu hawa walikuwa wanajifunza uwanja huku wanacheza mashindano.

Sasa sikilizeni walivyofanya. Kila timu ilikuwa icheze na zote nyingine tano. Kushinda ni pointi mbili, sare ni pointi moja. Mchezo wa kwanza, tarehe 25 Julai, Zimbabwe wakawafunga Poland mabao 4 kwa 0. Kisha wakatoka sare na Chekoslovakia, 2 kwa 2. Kisha wakakutana na wenye nyumba, Umoja wa Sovieti, mbele ya watu wao wenyewe, wakawafunga 2 kwa 0. Wakatoka sare na India, 1 kwa 1. Ukabaki mchezo mmoja, na Austria, tarehe 31 Julai.

Hapo hesabu ilikuwa nyembamba. Chekoslovakia walimaliza mashindano na pointi 7. Zimbabwe walikuwa na 6. Wakifungwa, dhahabu imekwenda. Wakitoka sare, wako sawa na wenzao na inabidi mabao yahesabiwe. Walishinda, 4 kwa 1. Pointi zao zikawa 8, na dhahabu ikawa yao. Sovieti wakawa wa tatu na pointi 6. Katika michezo mitano Zimbabwe hawakufungwa hata mmoja. Walitia mabao 13, wakatiwa 4.

Hiyo ilikuwa nishani ya kwanza ya Olimpiki kwa Zimbabwe, na kwa miaka mingi ilikuwa ya pekee. Nyingine haikupatikana mpaka mwaka wa 2004 huko Athens, alipoipata mwogeleaji Kirsty Coventry. Wazee wetu husema jogoo wa shamba hawiki mjini. Safari hiyo aliwika, na mjini wakaamka.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, "Hiyo ni bahati tu, wakubwa hawakuwako." Tusidanganyane, ni kweli wakubwa hawakuwako. Lakini angalieni jambo moja. Mlango ule ule uliwafungukia na Poland. Nao waliitwa kujaza nafasi, nao walicheza michezo mitano kama wenzao. Walifungwa yote mitano. Kwa hiyo mlango kufunguka ni jambo moja, na unachokuja nacho mkononi ni jambo lingine.

Wale wanawake wa Zimbabwe walikuja na nini? Walikuja na miaka mingi ya kucheza pamoja katika vilabu vyao, wakati dunia haiwaangalii. Hakuna aliyekuwa akiwaahidi Olimpiki. Walikwenda mazoezini kwa sababu ndiyo siku ya mazoezi. Barua ilipowafikia hakukuwa na wakati wa kuanza kumfundisha mtu kushika gongo. Walijua kulishika.

Na sisi gongo letu ni lipi? Ni kile kitabu cha hesabu ambacho mweka hazina anacho hapo kwapani. Ni ule mkutano wa kila wiki mbili ambao mnakuja hata kama hakuna mgeni wa kuwatembelea. Ni mchango wa zamu, shilingi kidogo kidogo, ambao haujaruka mtu. Kikundi chenye hivyo kikiitwa leo kinaweza kwenda Jumatatu. Kisicho na hivyo hata kingepewa mwaka mzima bado kingesema hakijajitayarisha. Mama aliyesema hamjajitayarisha, tunakuheshimu, lakini tumekiona kitabu chenu. Kiko sawa kuliko vitabu vingine vya watu wenye ofisi. Mmekuwa mkijitayarisha miaka sita bila kujua.

Lakini habari hii ina upande mwingine, na tusipousema tutakuwa tumewapa nusu ya ukweli. Wachezaji wale 16 wote walikuwa wazungu, katika nchi ambayo watu weusi walikuwa ndio wengi mno. Kwa nini? Kwa sababu huko Rhodesia watoto walisoma mbalimbali kwa rangi zao. Shule za wazungu zilipewa fedha nyingi, zikawa na viwanja na magongo na walimu wa michezo. Shule za Waafrika zilipewa kidogo sana. Ushindi wa Moscow ulikuwa wa haki, mgala muue na haki mpe. Hata hivyo lazima tujiulize: ni wasichana wangapi wa Kiafrika wa nchi ile walikuwa na mbio na macho na moyo wa mchezo, na gongo hawakulishika hata siku moja? Hao hatutawajua kamwe, kwa sababu asiyepewa gongo haonekani kama alikuwa mchezaji.

Tuseme waziwazi, jambo hili liko hata katika vikundi vyetu. Mafunzo yakija, nani huchaguliwa? Mara nyingi ni mwenyekiti, na asipokwenda mwenyekiti ni karani, na asipokwenda karani ni shemeji ya mwenyekiti. Yule mama mdogo mwenye mtoto mgongoni, ambaye hulipa mchango wake bila kuchelewa na hasemi kitu mkutanoni, amewahi kwenda wapi? Yule mjane ambaye hana viatu vya kutokea? Nafasi hii ya mbuzi ni ya watu wawili. Tunaomba angalau mmoja awe ni mtu ambaye hajawahi kutumwa popote. Mambo ya mtoto wa kunyonyesha tutayapanga, na nauli ipo.

Tena kuna watu waliokuwa tayari kabisa na mlango haukufunguka. Hapa tuna mfano wetu wenyewe. Marehemu Henry Rono, mwana wa Kenya, mwaka wa 1978 alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81. Nne! Mtu wa namna hiyo mngedhani alikwenda Olimpiki mara nyingi. Hakukimbia hata mara moja. Mwaka wa 1976 Kenya ilisusia, na mwaka wa 1980 ikasusia tena. Kila nchi ilikuwa na sababu zake na leo hatukuja kuzihukumu. Tunachosema ni kwamba mtu anaweza kufanya yote yanayompasa, na nafasi isije. Ndiyo maana nafasi ikija, hata ikiwa imevaa nguo za mtu mwingine, hatuna ruhusa ya kuiringia. Mchagua jembe si mkulima.

Sasa kuna kisa kimoja kidogo ambacho akina mama mtakipenda. Husimuliwa kwamba wale wachezaji wa hoki waliahidiwa na wakubwa wa nchi kwamba wakirudi na ushindi kila mmoja atapewa ng'ombe dume. Ng'ombe mzima, hapa tunaelewana! Waliporudi, walichopewa ni pakiti ya nyama. Ndiyo, chekeni. Lakini tunacheka kwa sababu tunalijua jambo hilo. Nani hapa hajaahidiwa bomba la maji, au mabati, au mashine ya kusaga unga, halafu akaletewa fulana na kofia? Ahadi ni deni, lakini kuna wadeni ambao hawalipi.

Sasa swali letu ni hili: je, pakiti ile ya nyama ilipunguza ushindi wao? Haikupunguza. Ng'ombe hakuwa ndiye aliyewapeleka uwanjani. Kikundi kilichojengwa juu ya ahadi ya ng'ombe hufa siku ng'ombe asipokuja. Basi na sisi hatutawaahidi kitu leo. Baada ya mafunzo haya hakuna mbuzi wa bure. Mtakuja na ujuzi wa kujenga banda lililoinuka juu, wa kulisha, wa kujua mbuzi mgonjwa kabla hajalala chini. Mbuzi mtanunua kwa mchango wenu wa zamu, mmoja mmoja, kama mlivyonunua masufuria na viti. Anayetaka kwenda kwa sababu amesikia kuna mbuzi wa kugawiwa, afadhali abaki.

Kabla ya kumaliza, tuna jambo la kuungama sisi wenyewe wa ofisi ya maendeleo. Miaka minne iliyopita ilitokea nafasi kama hii. Kikundi kimoja cha ng'ambo ya mto kiliitwa kushika mahali pa kingine. Sisi tulikuwa na habari hiyo siku kumi, na barua ikakaa juu ya meza yetu, tukaipeleka zimebaki siku mbili. Wale akina mama wakasema wanayosema wenzao leo: tunaitwa kama akiba, na tunaitwa kwa haraka. Wakakataa. Hasira yao ilikuwa ya haki, maana sisi ndio tuliowachelewesha. Lakini nafasi haikurudi. Mwaka jana tulipita kwa mama mmoja wa kikundi kile, akatukaribisha chai ya rangi. Akatuambia, "Siku ile tuliwakomoa nyinyi, lakini waliokosa maziwa ni watoto wetu." Hatukuwa na la kumjibu. Tulikunywa chai.

Safari hii barua imefika jana mchana, na leo tuko mbele yenu. Siku bado ni chache, lakini hatujazificha hata moja.

Basi tunaomba sasa kila kikundi kikae peke yake, hata kama ni chini ya ule mti, mkazungumze maswali haya matatu. Sisi tutakaa kando.

La kwanza: tukiacha kando nani aliitwa mbele na nani nyuma, jambo hili lina faida kwetu au halina? Kama halina, kataeni kwa moyo mweupe, na tutapeleka nafasi kwa wengine bila chuki.

La pili: gongo letu tunalo? Kitabu cha hesabu kinasomeka? Mchango wa zamu umeruka nani, na kwa nini?

La tatu: ni nani katika kikundi chetu hajawahi kupewa gongo alishike? Mtajeni kwa jina, na muulizeni yeye mwenyewe kabla ya kumjibia.

Kikundi kitakachokubali kituletee majina mawili kesho kabla ya saa sita. Vikikubali viwili au zaidi, tutakaa na wenyeviti wote pamoja na tutachagua mbele ya macho yenu. Mbuzi akisimama kukamuliwa hatauliza ni kikundi gani kiliitwa kwanza.

Chai iko tayari pale nje, na wale wasichana wa magongo wameomba tuwabakizie.